Bluu ya kadi sio bluu ya mfuko: kipi ununue kupimia maji huku Lindi na Mtwara

Msimu wa kupulizia mikorosho ukishaanza, mwezi wa sita hivi, simu yangu haitulii. Mwalimu, kuna vikadi tumeviona mtandaoni vinapima sumu kwenye maji, tununue au tunaibiwa? Mimi nafundisha kemia sekondari huku bonde la Lukuledi na nipo pia kwenye jumuiya ya maji ya kijiji, kwahiyo hili swali nalijibu kila mwaka, mara kwenye kikao, mara njiani, mara msibani kabisa mtu ananivuta pembeni. Leo naliandika lote mara moja, maana watu wanatoa hela ya michango ya kijiji kununua kitu ambacho hakiwezi kuona hata hiyo sumu wanayoiogopa.

Vifaa vyenyewe vinaitwa bayosensa, na usiogope jina, kama kwenu kuna mgonjwa wa kisukari basi moja unayo ndani. Kile kistripu unachodondoshea damu kina kimeng'enya (wengine tunasema enzaimu) kinachoijua sukari tu na kuishughulikia, halafu mashine inasoma umeme mdogo unaotokea pale. Wazo hilo lilianza na Leland Clark na Champ Lyons kule Marekani mwaka 1962. Vya maji ni ndugu wa hicho, ila vimeng'enya vyake ni vingine na kila kimoja kina kazi yake, hakuna kimoja kinachoona kila kitu.

Ndo maana kabla ya bei mimi huwa nauliza hivi: hicho kimeng'enya ni cha nani? Ni chetu tumekiweka sisi kwenye kadi, au ni cha mdudu aliyemo kwenye maji? Ukilijua hilo utaelewa rangi inasema nini, na rangi ndo imewaingiza watu wengi matatizoni.

Kadi ya viuatilifu

Hii ndo inayoulizwa sana. Ni kadi ndogo ina viduara viwili, kimoja cheupe kimoja chekundu. Kwenye cheupe kimelazwa kimeng'enya kinaitwa kolinesterasi, cha aina ileile iliyopo kwenye mishipa yetu ya fahamu, kazi yake mwilini ni kuvunja kemikali inayopeleka ujumbe kwenye msuli ili msuli upumzike. Dawa za wadudu za jamii ya organofosfeti na kabameti zinakiziba hicho kimeng'enya, na ndo maana mtu aliyepulizia bila kujikinga unamkuta anatoka udenda, jasho linamtiririka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Kadi inachofanya ni kukuonyesha hilohilo kabla halijamfika mtu.

Unadondoshea maji kwenye kiduara cheupe, unasubiri dakika 10 kikiwa na joto kama la mwili, nyuzi 37, mimi naibana katikati ya viganja bila kugusa pale palipolowa, kisha unaikunja chekundu kilalie cheupe, unabana na vidole dakika 3, unafunua. Kama kimeng'enya kipo hai kinaivunja ile rangi nyekundu na cheupe kinageuka bluu. Kama sumu imekiziba, kinabaki cheupe vilevile.

Kwahiyo bluu ni habari njema na nyeupe ndo hatari, na hapa watu wanachanganya kila siku, mtu anaona rangi imetokea anashtuka, asipoona rangi anafurahi na kunywa.

Sasa ubaya wake, na naomba usome vizuri. Kwanza kadi sio kali kiasi cha maji ya kunywa. Kadi hizi za bei nafuu zilitengenezwa kwa ajili ya mboga sokoni, kwa kiwango cha Kichina cha mwaka 2003 zinaanza kuona dawa ya wadudu kama kabofurani kwenye miligramu 0.5 kwa kilo ya mboga, daiklovosi 0.3, malathioni 2.0. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo linasema kabofurani kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.007 kwa lita. Tofauti ni makumi ya mara. Yaani kadi itakamata tukio kubwa, mtu kasuuzia bomba la mgongoni kisimani, chupa imepasukia bwawani, lakini ile kidogokidogo ya kila siku haiioni. Kadi ikiwa bluu usimwambie mtu "maji ni salama", mwambie "hakuna sumu nyingi ya jamii hii".

Pili, na hii ndo inaniuma zaidi kwa huku kwetu: haioni jamii nyingine za dawa. Salfa ya unga tunayopulizia kwa ajili ya ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho) haiioni, dawa nyingi za maji za ubwiriunga haizioni, na hata dawa za mbu wa korosho (mdudu anayefyonza mikorosho, sio mbu wa malaria), nyingi ni za jamii ya pairethroidi kama lambda-saihalothrini, kadi inazipita kama hazipo. Mwaka jana tuliitwa kwenye dimbwi moja chini ya mashamba ya nyanya, perege wanaelea matumbo juu, wadogo kwa wakubwa, kadi tukaweka, dakika 13, bluu safi kama sare ya shule. Mzee mwenye shamba akasema mnaona, maji mazima haya. Tukazunguka kwenye matuta tukakuta chupa tupu kwenye majani, lebo inasema lambda-saihalothrini. Pairethroidi zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno, na kadi ilisema kweli yake, sisi ndo tuliiuliza swali lisilo lake.

Tatu ni joto. Kimeng'enya ni protini, kikipikwa kinakufa. Kuna boksi letu lilikuja kwa bodaboda kutoka stendi ya Mtama jua la saa saba, likakaa siku mbili kwenye ofisi ya bati. Tulipopima kisima kadi ikabaki nyeupe, tukapima tena nyeupe, tukafunga kisima siku tatu, akina mama wakawa wanashuka mtoni na ndoo kichwani, mmoja mjamzito kabisa. Siku ya nne ndo nikapata wazo la kuweka maji ya chupa ya dukani kwenye kadi, nayo ikabaki nyeupe. Kadi zilikuwa zimekufa zote. Kosa lilikuwa langu na niliwaomba radhi akina mama wale kikaoni. Toka siku hiyo hakuna kipimo bila kadi ya pili yenye maji safi tunayoyajua, ile ya maji safi isipogeuka bluu tunatupa boksi, hatufungi kisima.

Na maji ya bomba yaliyowekwa klorini nayo yanaweza kukiua kimeng'enya ukadhani ni kiuatilifu. Maji yenye chumvi kama ya visima vingine vya pwani kule Mikindani yanaweza kukisumbua pia. Klorini inaondolewa na chembe kidogo ya sodiamu thiosalfeti kabla ya kupima, muulize mwalimu wa kemia wa jirani, wengi wanayo stoo.

Mfuko wa E. coli

Huu hauna mvuto kama kadi kwasababu watu wanaogopa sumu kuliko kinyesi, ila kwa maoni yangu kama hela ni ya kitu kimoja tu, nunua huu kwanza. Kipindupindu na kuhara haviulizi msimu wa korosho.

Hapa kimeng'enya sio chetu, ni cha bakteria mwenyewe. E. coli anayekaa kwenye utumbo wa watu na wanyama ana kimeng'enya kinaitwa beta-glukuronidasi. Unachukua maji mililita 100, unachanganya na unga wa chakula chake ambao ndani yake rangi imefungwa kwenye kemikali ambayo kimeng'enya hicho ndo kinaifungua, unamimina kwenye mfuko wenye vyumba vitano vya mililita 56, 30, 10, 3 na 1, unafunga unaacha. Bakteria wakiwepo wanakula, wanafungua rangi, chumba kinakuwa bluu au kijanikibichi. Wasipokuwepo inabaki njano njano. Unahesabu vyumba vipi vimegeuka, unaangalia kwenye jedwali la boksi unapata makadirio ya bakteria kwenye mililita 100. Maji ya kunywa WHO inataka asionekane hata mmoja.

Kwahiyo hapa bluu ni mbaya! Kwenye kadi bluu ni kimeng'enya chetu kipo hai, kwenye mfuko bluu ni kimeng'enya cha adui kipo hai. Mama mweka hazina wetu ndo aliyeniamsha. Tulikuwa tumeweka vyote mezani siku moja akauliza, "Mwalimu, mbona hii bluu unacheka na hii bluu unakunja uso?" Nikamweleza, akachukua maka peni akaandika kwenye boksi la kadi BLUU = NAFUU na kwenye boksi la mifuko BLUU = HARAMU. Mpaka leo hajakosea mtu.

Uzuri mwingine wa mfuko huku kwetu ni kwamba joto linalouwa kadi ndo linalousaidia. Hauhitaji mashine ya kutunzia joto. Hewa ikiwa nyuzi 30 mpaka 35 unasoma baada ya saa 24 hadi 30, ikiwa 25 mpaka 30 unasubiri saa 40 hadi 48. Mwezi wa saba usiku bondeni kunapoa, mimi nauviringisha kwenye khanga naweka kabatini, na nasubiri siku mbili kamili. Ubaya wake ndo huohuo, siku mbili. Watu wanakunywa maji wakati wewe unasubiri jibu. Na ukimaliza usiutupe jalalani, umefuga kinyesi humo ndani, weka klorini kwanza kama maelekezo yanavyosema.

Mamlaka za maji na maabara wanatumia ndugu zake wakubwa, kama Colilert, unaweka nyuzi 35 kwa saa 24, njano inaonyesha bakteria wa jamii ya koliformu na ukimulika na taa ya urujuanimno ikawaka bluu basi ni E. coli. Ni nzuri lakini inataka kifaa cha joto na hiyo taa, kijijini mfuko unatosha.

Zebaki, kwa walioko machimboni

Ndugu zetu wa Ruangwa na kote wanakochenjua dhahabu wameniuliza kuhusu stripu za yurease. Kimeng'enya cha yurease kinavunja yurea kutoa amonia, amonia inapandisha pH (kipimo cha uasidi na ubesi wa maji), kikaratasi kinabadilika rangi, na zebaki ikiwemo inakiziba kwahiyo rangi haibadiliki. Kanuni ni ya kadi ileile. Kwa zebaki kweli ni kali, ila shaba nayo inakiziba, na shaba ipo kwenye dawa za ukungu za nyanya, kwahiyo stripu itakwambia kuna metali nzito bila kukwambia ni ipi.

Mimi nisingeweka hela hapo. Zebaki ya machimboni nyingi inalala kwenye matope na inaingia kwenye samaki, unaweza ukapima maji ya juu yakaonekana mazima wakati tope chini limejaa. Kikomo cha WHO ni miligramu 0.006 kwa lita na hicho kinataka maabara. Hela ya stripu changieni chupa za sampuli za tope na samaki mpeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Naitreti

Hii fupi. Kisima kipo karibu na choo au zizi, naitreti (chumvi inayotokana na kinyesi) inapanda. Kuna vipimo vya kimeng'enya vinaitwa naitreti riduktesi, vizuri kwasababu havitumii kadmiamu ambayo yenyewe ni sumu, ila stripu za kawaida za kemikali zinakupa jibu kwa dakika chache, hazihofii joto kama hivyo na ni rahisi kupata. Nunua za kawaida. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita, na wa kumhofia ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, damu inashindwa kubeba oksijeni anaanza kugeuka rangi mdomoni na kwenye kucha. Na tafadhali waambieni akina mama, kuchemsha hakuondoi naitreti, maji yanapungua yenyewe inabaki.

Kile kimashine kinachounganishwa na simu

Vijana wa vyuo wananitumia sana picha za hizi. Ni elektrodi ndogo iliyochapwa kwenye kipande cha plastiki, juu yake kuna kolinesterasi ileile ya kadi, unaipa kemikali inaitwa asetilithiokolini, kimeng'enya kinaivunja na kinachotoka kinatoa umeme kwenye elektrodi. Kukiwa na sumu umeme unashuka, na kadiri ulivyoshuka ndo unavyojua kiasi. Kwa ukali inaizidi kadi mbali, hizi zikitengenezwa vizuri zinafika mikrogramu kwa lita, yaani huko ambako vikomo vya maji vipo. Ukinipa nafasi darasani ndo ningefundishia hii.

Lakini kwa jumuiya ya maji ya kijiji hapana. Elektrodi inatumika mara moja unatupa, inataka kukaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, umeme ukikatika siku mbili umepoteza boksi zima, na mtu asiyefundishwa akigusa sehemu ya kupimia kwa kidole basi. Tena upofu wake ni wa kadi vilevile, pairethroidi haioni. Ikija kununuliwa inunuliwe na wilaya au chuo, wazunguke nayo.

Maabara

Ndo pekee itakayokutajia jina la sumu na kiasi chake, hata hizo pairethroidi. Gharama ni kubwa na majibu yanachelewa, kwahiyo usipeleke kila kisima, peleka pale penye ushahidi: samaki wamekufa, kadi imebaki nyeupe mara mbili na kadi ya maji safi imegeuka bluu, watu kadhaa wameumwa pamoja. Chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, jaza mpaka juu, weka kwenye barafu, ifike ndani ya siku chache. Dumu la mafuta ya kula halifai hata ulioshe mara kumi. Andika na dawa gani zimepuliziwa jirani, lebo za chupa piga picha, maana maabara wakijua cha kutafuta wanakipata haraka.

Sasa wewe ununue kipi

Kwa bonde kama letu, visima vifupi na bustani za nyanya, bamia na mchicha pembeni, mifuko ya E. coli ya mwaka mzima kwanza, halafu boksi moja dogo la kadi kwa ajili ya kiangazi wakati bustani zinapuliziwa na tena mvua za kwanza za mwezi wa kumi na mbili zinaposhusha kila kitu. Kabla ya kulipia pita mashambani ukasome lebo. Ukikuta profenofosi, daiklovosi, malathioni, kadi ina kazi. Ukikuta lebo zote zinaishia na thrini, hela yako irudi mfukoni. Na kadi zikifika zisipande bodaboda juani, sisi tunazitunza zikiwa kwenye pakiti yake, ndani ya kopo lenye mfuniko usiopitisha unyevu, kopo ndani ya mtungi uliokaa kwenye mchanga uliolowa, chumba cha udongo, na tarehe imeandikwa juu.

Kwa wenzetu wa juu Newala na Tandahimba mnaovuna maji ya mvua kwenye bati, mniwie radhi wote mliokwisha changa, kadi msinunue. Huko vumbi la mashine linalotua kwenye mabati ni salfa na dawa za ubwiriunga na pairethroidi, na kadi haioni hata moja kati ya hizo. Cha kufanya hakihitaji kipimo. Shemeji yangu Newala amefunga mpira kwenye mfereji wa bati, kuanzia kupulizia kunapoanza mpaka mvua ya tatu inyeshe, mpira unamwaga kwenye migomba. Ya nne ndo anaurudisha kwenye tangi.